Chai Nyeupe Haijengi Mifupa: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Kuhusu Maziwa

Nyumba nyingi zinajihesabu kuwa zinakunywa maziwa kwa sababu tu chai ya asubuhi ni nyeupe. Tupige hesabu. Kikombe cha robo lita cha maziwa ya ng'ombe kina takriban miligramu 300 za kalsiamu. Kimimine kwenye sufuria ya chai ya watu watano: kila mmoja ameambulia miligramu 60. Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 kwa siku, na kijana wa miaka 9 hadi 18 anahitaji 1,300. Pengo hilo mwili hulijaza kwa kuchota kwenye mifupa, ambako karibu asilimia 99 ya kalsiamu yetu imehifadhiwa. Hauumi wala hautoi taarifa. Mtu hushtuka uzeeni, anapoteleza bafuni na nyonga ikavunjika.

Masharti yafuatayo yanamhusu anayepika na anayetoa pesa ya matumizi.

FANYA HAYA

1. Pima. Mtu mzima apate vikombe viwili vya maziwa au mtindi kwa siku. Hapo amefika miligramu 600. Zilizobaki zitoke kwenye dagaa wanaoliwa na miiba yao, sukuma wiki na maharage. Mchicha ule, lakini usiutegemee kwa kalsiamu: una okzaleti, ambayo huishika kalsiamu na kuuzuia mwili usiipate.

2. Chemsha maziwa mabichi, hata ya ng'ombe wako mwenyewe. Yakipanda na kutaka kumwagika, usiepue ukadhani kazi imekwisha. Povu hutangulia. Punguza moto, koroga utando wa juu, uyaache yatokote dakika chache. Maziwa mabichi hubeba vimelea vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe. Homa ya brusela huja na kuondoka, huleta jasho la usiku na maumivu ya viungo, na mgonjwa anaweza kutibiwa malaria mara kadhaa bila nafuu. Wanaosema kuchemsha kunaua virutubisho wajue kwamba kalsiamu haiondoki kwa moto.

3. Poza haraka, funika, weka kwenye friji. Huna friji? Nunua ya kutosha siku hiyo tu, au gandisha mtindi kwenye chombo kilichooshwa kwa maji ya moto.

4. Maziwa yakikusumbua tumbo, kunywa mtindi. Watu wazima wengi duniani wamepungukiwa na uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, ndiyo maana tumbo hujaa gesi na kuharisha. Katika mtindi, bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo. Wala usimcheke mwenzako kwamba Wamasai mbona wanakunywa. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba jamii za wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan zina mabadiliko ya kinasaba yanayowawezesha watu wake kuyasaga hadi utu uzima. Si suala la ushujaa.

5. Toka juani, tembea, beba vitu. Bila vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa mwanga wa jua, kalsiamu nyingi uliyokula hupita tu. Na mfupa usiofanyishwa kazi hudhoofika.

USIFANYE HAYA

1. Usimpe mtoto wa chini ya mwaka mmoja maziwa ya ng'ombe kama kinywaji chake kikuu. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma machache mno, na protini na chumvi zake huzielemea figo changa.

2. Usiongeze maji ili yatoshe watu wengi. Mtoto atashiba maji, na wewe utajidanganya kuwa umemlisha.

3. Usihesabu siagi wala samli. Hayo ni mafuta. Kalsiamu ilibaki kwenye maziwa yaliyotolewa siagi. Tui la nazi nalo ni la mchuzi, halichukui nafasi ya maziwa.

4. Usimeze vidonge vya kuongeza damu kwa maziwa wala kwa chai. Mama mjamzito anayepewa vidonge hivyo kliniki avimeze kwa maji, maziwa yasubiri saa mbili. Dawa kama siprofloksasini na tetrasaiklini nazo hupungua nguvu zikikutana na maziwa tumboni.

5. Usinunue maziwa kwa kuangalia bei tu. Fungua dumu, nusa. Dumu la plastiki lenye shingo nyembamba halioshwi likatakata, na harufu yake itakuambia. Nawe mfugaji, usiuze maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha. Mteja atachemsha, lakini mabaki ya dawa hayaishi kwa moto.

6. Usidanganywe na rangi. Yogati ya waridi inaweza kuwa na sukari nyingi kama soda. Soma maandishi ya kopo. Maziwa mazito ya kopo yaliyotiwa sukari si chakula cha mtoto.

7. Usiache maziwa kwa kuogopa mawe kwenye figo. Kalsiamu ya kwenye chakula huizuia okzaleti tumboni isifike kwenye figo. Mwenye ugonjwa wa figo tayari amsikilize daktari wake, si jirani.

8. Usimnyime binti ukampa baba. Mifupa huongezeka uimara mpaka karibu na umri wa miaka 30. Baada ya hapo kazi ni kulinda kilichopo, na mwanamke hupoteza kwa kasi zaidi hedhi inapokoma. Msichana wa miaka 13 ndiye mwenye haki ya kwanza ya kikombe.

Najua maziwa yamepanda bei, na nyumba isiyoyamudu ina dagaa na sukuma wiki, haina lawama. Lakini nyumba inayonunua soda kila siku haina utetezi. Badilisha chupa hiyo kwa kikombe cha maziwa, uanze na watoto.