Vidokezo vya kuisoma Watchmen, hata kama mashujaa wa barakoa hukuwapenda tangu utotoni

Mashujaa wa katuni siku hizi ni wengi kuliko wanaookolewa. Kila msimu anatoka mwingine, anaokoa dunia kwa saa mbili na nusu, na mwaka ukiisha hakuna anayemkumbuka. Watchmen imekaa. Ilitoka kidogokidogo, matoleo 12 kati ya 1986 na 1987, chini ya kampuni ya DC ya Marekani. Mwandishi ni Alan Moore, Mwingereza wa Northampton. Mchoraji Dave Gibbons. Rangi ni za John Higgins. Mwaka 1988 ikapata tuzo ya Hugo, na mwaka 2005 jarida la Time likaiingiza katika orodha yake ya riwaya 100 bora za Kiingereza tangu 1923, riwaya pekee ya katuni humo.

Tuzo hazimfanyi mtu arudie kitabu. Hiki kinarudiwa kwa sababu waliokiunda walikusudia kirudiwe: wamefichaficha vitu kila kona, na msomaji wa mara ya kwanza lazima avipite. Vidokezo hivi ni vya kukusaidia usivipite vyote.

1. Kitabu kwanza, filamu baadaye. Filamu ya Zack Snyder ya 2009 inapendeza macho, lakini imebadilisha mwisho wa hadithi. Tena filamu inakwenda kwa mwendo wake, huwezi kuiambia ingoje. Watchmen inataka mtu anayeweza kurudi nyuma kurasa 40 kuangalia kama lile tangazo la manukato lilikuwa pale ukutani tangu mwanzo. (Lilikuwapo.)

2. Kiweke rafu ya juu. Tuna mazoea ya kumpa mtoto chochote chenye michoro. Humu mna mauaji, jaribio la kubaka na maungo ya mtu mzima yasiyofunikwa. Katuni ya kuchekesha kama Juha Kalulu hii siyo.

3. Jua uko mwaka gani. Ni New York, 1985, lakini si 1985 ile ya vitabu vya historia. Nixon bado ni rais. Marekani ilishinda vita vya Vietnam kwa sababu ilikuwa na Dk. Manhattan, mwanafizikia aliyepata ajali ya maabara akawa kiumbe wa rangi ya bluu anayeweza karibu kila kitu. Magari ni ya umeme. Sheria ya 1977 imewapiga marufuku watu wa barakoa, isipokuwa wanaoitumikia serikali. Hakuna ukurasa wa kukueleza haya yote kwa mpangilio; unayaokota kwenye vichwa vya magazeti, mabango na porojo za muuza magazeti. Ukijiona umepotea sura ya kwanza, endelea tu.

Na ukumbuke wakati wenyewe. Kitabu kilianza kutoka mwaka uleule wa ajali ya Chernobyl, enzi za Reagan na Thatcher, watu wakilala na kuamka na hofu ya bomu la nyuklia. Saa inayokaribia usiku wa manane ndani ya kitabu imetokana na Saa ya Kiama ambayo wanasayansi wa atomiki wamekuwa wakiichapisha tangu 1947.

4. Ukurasa wa kwanza upe dakika tano. Hapa ndipo shule yote ilipo. Jalada lenyewe ni kisanduku cha kwanza cha hadithi: beji ya manjano yenye uso unaocheka, imedondokewa na damu. Fungua ndani. Beji ipo mtaroni, damu inatiririka kandokando yake. Kisanduku kinachofuata jicho limepanda kidogo, kinachofuata limepanda tena, na tena, mpaka unajikuta juu kabisa ya jengo, kwenye dirisha lililovunjwa, mpelelezi akichungulia chini alikoangukia marehemu. Huko chini kuna mtu anaosha njia kwa maji ya mpira, na mwingine mwenye nywele nyekundu, kabeba bango la kutangaza mwisho wa dunia, anapita palepale kwenye damu na kuacha alama za viatu.

Huyo mwenye bango mtie akilini. Sisemi zaidi.

Sasa tazama jinsi ukurasa ulivyogawanywa. Takriban kitabu kizima kimejengwa juu ya visanduku tisa kwa ukurasa, safu tatu kwa tatu, vya ukubwa mmoja. Mchoraji mwingine angechoka nao wiki ya kwanza. Gibbons ameufanya kuwa mapigo: unazoea tik, tik, tik, halafu anaunganisha visanduku vitatu kuwa kimoja kirefu na wewe unashtuka bila kujua umeshtushwa na nini. Hakuna maneno ya mlio wa ngumi, wala mawingu ya kuonyesha mtu anawaza nini. Mawazo ya mtu utayasoma usoni pake. Higgins naye amekwepa ile nyekundu na bluu ya mavazi ya kishujaa tuliyozoea. Amejaza zambarau, kijani, rangi ya chungwa na kahawia, na mji mzima unaonekana kama haujalala vizuri.

5. Usiruke maandishi ya mwisho wa sura. Sura 11 kati ya 12 zinafungwa na kurasa za maandishi matupu: kumbukumbu za polisi mstaafu aliyewahi kuvaa barakoa, faili la daktari wa akili, barua za kibiashara. Wengi huziruka ili wajue kitakachotokea, na hapo ndipo wanapopunjwa. Ninayoipenda mimi ni makala ya Dan Dreiberg, shujaa aliyejiuzulu na kuota kitambi, akiandika kuhusu bundi katika jarida la wapenda ndege. Kwetu bundi ni uchuro, hana wa kumtungia sifa. Dan analalamika kwamba mtaalamu akizidi kupima na kuhesabu anasahau kumstaajabia ndege mwenyewe. Polepole unagundua kuwa maskini anajieleza yeye na maisha yake ya kitandani.

6. Maharamia nao wasome. Katika dunia ambayo watu wa barakoa wanapita barabarani, nani atanunua katuni zao? Watoto wa Watchmen wanasoma habari za maharamia. Kijana mmoja amekaa kando ya kibanda cha magazeti anasoma kisa cha baharia aliyenusurika, anayefanya lolote ili afike nyumbani kabla ya adui. Kisa hicho kinaingia katikati ya hadithi kuu, maneno ya baharia yakiangukia juu ya picha za mtaani. Mara ya kwanza kitakukera. Mara ya pili, ukiwa tayari unamjua mkosaji, kila sentensi ya baharia utaisoma kwa sikio jingine.

7. Sura ya 4 isome peke yake, jioni moja. Kama huna muda wa kitabu kizima, soma hii. Dk. Manhattan amekaa Mars, ameshika picha aliyopigwa pamoja na mpenzi wake kwenye bustani ya michezo mwaka 1959. Kwake yeye jana, leo na kesho vipo pamoja. Anajua ataiangusha picha baada ya sekunde chache. Kwa kweli kwake ameshaiangusha, na bado anaishika. Sura yote inarukaruka miaka: baba yake fundi saa, gazeti la 1945 lenye habari za Hiroshima, baba akizitupa dirishani sehemu za saa ambayo mwanawe alikuwa anajifunzia, kwa kuwa dunia ya atomiki haina haja na mafundi saa.

Ni hapa unapoona kwa nini hadithi hii ilifaa kuwa katuni. Katika filamu picha iliyopita imepita. Katika ukurasa, visanduku vyote tisa viko mbele yako kwa wakati mmoja, na jicho lako linaweza kwenda mbele au kurudi. Kwa dakika chache msomaji anauona wakati kama anavyouona Manhattan mwenyewe. Sijaona riwaya ya maneno matupu iliyoweza jambo hilo.

8. Sura ya 5, weka kidole ukurasa wa kwanza na kingine wa mwisho. Mpangilio wa ukurasa wa kwanza unajibiwa na wa mwisho, wa pili na ule wa kabla ya mwisho, hivyohivyo mpaka zinakutana katikati, kwenye picha moja kubwa ya kurasa mbili. Huhitaji kulijua hili ili ufurahie sura. Ukilijua utaketi chini.

9. Rorschach mpende kwa tahadhari. Ana kinyago cha madoa meusi yanayohama, anaandika shajara, hakubali maafikiano hata na kifo. Wasomaji wengi wamemfanya kipenzi. Moore amesema kwenye mahojiano kwamba alimkusudia awe onyo: mtu mpweke, mchafu, mwenye chuki, ambaye haki yake ni kuvunja vidole vya watu baa. Wote wawili wana hoja, Moore na wasomaji wake. Mwisho wa kitabu Rorschach ndiye peke yake anayekataa uongo, na hapo ndipo unapoanza kujikuna kichwa: je, aliye sahihi ni lazima awe mtu mwema?

Kosa la kitabu naliona kwingine. Wanawake wake, Sally na bintiye Laurie, karibu kila mara wanaelezwa kupitia wanaume waliowapenda au kuwaumiza. Kurudia kusoma hakujaliponya hilo.

10. Jua kisa cha nyuma ya pazia. DC walikuwa wamenunua mashujaa wa kampuni ya Charlton, na Moore akapendekeza kuwatumia. Mhariri Dick Giordano akaona wakimalizwa katika hadithi moja, fedha itakuwa imepotea. Akamwambia atunge wake. Ndipo Moore akapata uhuru wa kuua, kuaibisha na kuzeesha bila kuulizwa.

Mkataba ukasema haki za kazi zitarudi kwa watunzi kampuni ikiacha kukichapa kitabu. Wakati huo katuni zilikuwa hazikai madukani miaka mingi, kwa hiyo ilionekana ni suala la kusubiri kidogo. Kitabu hakijaacha kuchapwa hadi leo. Kimependwa mno hata kikampotea aliyekiandika. Moore alikataa jina lake litumike kwenye filamu na akakataa fedha zake.

11. Ukitaka zaidi. Tafuta Maus ya Art Spiegelman, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka 1986 vilevile, au From Hell ya Moore mwenyewe akiwa na Eddie Campbell. Mfululizo wa HBO wa 2019 unastahili muda wako: unaanzia kwenye mauaji ya watu weusi mjini Tulsa mwaka 1921, na unathubutu kuuliza nani hasa angekuwa wa kwanza kuhitaji barakoa Marekani. Zile za Before Watchmen za 2012, zinazosimulia ujana wa wahusika, Moore na Gibbons hawakuziandika. Ukizikuta kwa rafiki, azima. Usinunue.