Kibuyu Kisicho na Jina: Somo la Kupanga Barua Pepe za Kikundi

Leo tuanze na jambo la nyumbani kabla hatujagusa simu.

Mama wa huku Mbeere akimaliza kuvuna, anachagua mbegu. Kunde anaweka kwenye kibuyu hiki, ndengu kile, mtama kile kingine. Haandiki kitu, maana anavijua vyote kwa macho. Lakini tuseme ameenda Nairobi kumwona binti yake aliyejifungua, na huku nyuma mvua inaanza. Mkaza mwana anasimama jikoni, anatazama vibuyu vitano, na hajui kipi ni kipi. Mbegu ziko, mvua iko, na shamba linangoja.

Barua pepe za vikundi vyetu vingi ziko hivyo hivyo.

Zamani habari ilipitia kwa chifu, ikatangazwa barazani, basi. Siku hizi mengi yanapitia kwenye simu. Mkopo wa vikundi wa Hazina ya Hustler ulizinduliwa hapa hapa Embu, sikukuu ya Madaraka, tarehe 1 Juni 2023, na huombwa kwa simu. PIN ya kodi ya kikundi nayo imefungwa na anwani ya barua pepe, na mkisahau neno la siri la iTax, msaada hutumwa kwenye anwani hiyo. Kwa hiyo sanduku la barua pepe ni kabati ya ofisi ya kikundi. Mkipoteza barua humo, mmepoteza kweli.

KISA CHA NDENGU

Kikundi kimoja tunachokijua kilimwandikia mnunuzi wa ndengu. Mnunuzi akajibu vizuri: leteni sampuli ya kila daraja kabla ya tarehe fulani, tukikubaliana tutachukua magunia yote. Mama katibu akaisoma na kuiweka mahali pake. Wiki hiyo hiyo akapata kazi mbali, akamkabidhi kijana mmoja simu ya kikundi.

Kijana alifungua akakuta mafungu manne: MAMBO, MAMBO MENGINE, ZA KARANI, na MPYA. Hiyo MPYA ilikuwa na barua za miaka mitatu iliyopita! Akaona hakuna la haraka, akafunga. Ile barua ya mnunuzi ilikuwa ndani ya MAMBO MENGINE. Ilionekana baada ya mavuno, wakati magunia yalikuwa yamekwisha kuuzwa kwa mabroka barabarani kwa bei ya mabroka.

Hakuna aliyeiba, wala hakuna mvivu. Mama katibu alikuwa amepanga, tena kwa bidii, lakini alipanga kwa kichwa chake mwenyewe. Alipoondoka, kichwa kiliondoka naye.

Somo letu ni hili: jina la fungu ni la mtu atakayekuja, si la aliyepo.

LEBO NI NINI?

Vikundi vingi vinatumia Gmail, kwa hiyo tutaeleza ya Gmail. Humo mafungu huitwa lebo. Lebo si sanduku, ni kibao cha njia. Unaweza kukuta vibao viwili barabarani, kimoja cha kanisa na kimoja cha zahanati, na vyote vinakupeleka kwenye kiwanja kimoja. Vivyo hivyo barua moja inaweza kuwa na lebo mbili. Barua ya benki kuhusu mradi wa mbuzi inaweza kuwa chini ya BENKI na chini ya MBUZI, na bado ni barua moja.

Kwa hivyo shikeni mambo mawili:

Kwanza, ukiondoa lebo hujaondoa barua. Kung'oa kibao hakubomoi nyumba. Barua bado imo sandukuni, ila njia ya mkato ya kuifikia ndiyo imepotea.

Pili, ukifuta barua yenyewe ukiwa ndani ya lebo yoyote, imefutika kwenye lebo zote. Inaenda kwenye tupio, inakaa siku 30, halafu inapotea kabisa. Kwa hiyo msiseme, "Nafuta hii ya hapa, ile nyingine itabaki." Hakuna nyingine.

Tahadhari kwa wenye programu za aina nyingine: ziko zinazotumia folda za kweli, na huko barua inakaa ndani kama karatasi ndani ya faili. Ukifuta folda, umetupa na barua zake. Kabla ya kufuta, jua kwanza unatumia ya aina gani.

MAJINA GANI YANAFAA?

Liite fungu kwa kazi yake, usiliite kwa mtu. ZA KARANI ni jina baya, maana karani hubadilika kila uchaguzi. MPYA ni jina baya, maana kila kipya huzeeka. MAMBO MENGINE ni kama kusema "vitu". Hata jina la mfadhili peke yake halitoshi, maana mfadhili mmoja anaweza kuleta miradi mitatu.

Kikundi cha kawaida kinaweza kuanza na haya:

00 INANGOJA JIBU
01 USAJILI NA KATIBA
02 KODI
03 BENKI NA MIKOPO
04 MIKUTANO
05 MRADI WA MBUZI
06 MASOKO NA WANUNUZI

Mbona namba? Kwa sababu Gmail hupanga lebo kwa mfuatano wa alfabeti, haijui lipi ni muhimu kwenu. Namba mkiitanguliza, nyinyi ndio mnaoamua. INANGOJA JIBU inakaa juu kabisa, kila mtu anaiona kwanza. Barua ikishajibiwa, ondoeni lebo hiyo na muache ile ya kazi yake. Kumbukeni, hamfuti barua, mnaondoa kibao tu.

Msizidishe lebo. Zikifika thelathini, mmerudi kwenye vibuyu visivyojulikana.

JINSI YA KUBADILISHA JINA

Kazi hii ni rahisi kwenye kompyuta ya saiba kuliko kwenye simu ndogo. Nendeni watu wawili, si mmoja.

1. Fungueni barua pepe ya kikundi. Upande wa kushoto mtaona orodha ya lebo. Kama hamzioni zote, bonyezeni neno la kuonyesha zaidi.
2. Pelekeni mshale juu ya jina la lebo. Vidoti vitatu vitatokea pembeni. Bonyezeni hapo.
3. Chagueni neno la kuhariri. Futeni jina la zamani, andikeni jipya, kisha hifadhini. Barua zote zilizokuwa chini ya jina la zamani zitaonekana chini ya jina jipya. Hamna haja ya kuhamisha moja moja.
4. Kuongeza lebo mpya, bonyezeni alama ya kujumlisha iliyo karibu na kichwa cha orodha.
5. Mkimaliza, TOKENI kwenye akaunti kabla ya kuondoka saiba. Kufunga dirisha peke yake hakutoshi, anayekaa kwenye kiti hicho baada yenu ataingia ofisini kwenu.

Mkirudi nyumbani, simu itaonyesha majina yale yale mapya. Barua mpya ikiingia, ifungueni, bonyezeni vidoti vitatu, na mchague lebo yake.

"SI NITATAFUTA TU?"

Mama mmoja alituuliza hivi: "Mwalimu, ya nini taabu yote hii? Si nitaandika tu neno kwenye kale kadirisha ka kutafutia?"

Swali zuri, mama. Kale kadirisha kanasaidia sana, lakini kanamsaidia mtu anayejua anachotafuta. Yule kijana wa ndengu hakujua kwamba kuna barua ya mnunuzi. Angeandika neno gani? Lakini angeona MASOKO NA WANUNUZI, angefungua. Lebo humwambia mgeni kitu ambacho hakujua kuuliza.

MAMBO MATATU YA KULINDA

Anwani iwe ya kikundi, isiwe ya mwenyekiti wala ya mtoto wake. Namba ya simu ya kurejesha akaunti iwe ya ofisa aliye kazini sasa, na ibadilishwe siku ile ile ya uchaguzi. Neno la siri lijulikane na maofisa wawili, kama vile sahihi za benki zilivyo zaidi ya moja.

Tena msiache akaunti ikalala. Kwa utaratibu uliotangazwa mwaka 2023, Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili, pamoja na barua zake zote. Hata kama hamna barua mpya, fungueni kila mwezi.

ZOEZI LA MKUTANO UJAO

1. Katibu asome kwa sauti majina ya lebo zote zilizopo. Wanachama waseme wanadhani kila moja ina nini. Pale wanapokosea, jina hilo libadilishwe.
2. Mpeni simu mwanachama ambaye hajawahi kuwa ofisa. Aambiwe atafute cheti cha usajili. Pimeni dakika. Zikipita tano, bado mna kazi.
3. Majina mliyokubaliana yaandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu za mkutano, ili katibu mpya asianze kubuni yake.

Mama wa Mbeere naye afunge kikaratasi kwenye kila kibuyu. Safari ya Nairobi huja bila kupiga hodi, na mvua vilevile.