Mtoto mdogo safarini: Panga njia ya Embu na Meru kwa saa yake, si kwa saa yako

LIKIZO inapokaribia, jamaa wengi wanaoishi Nairobi na Mombasa huanza kuhesabu siku za kwenda nyumbani. Nyanya hajamwona mjukuu tangu azaliwe, na kila akipiga simu swali ni moja tu: mtafika lini? Kwa wale ambao kwao ni Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu au Meru, safari hii huonekana jambo la kawaida. Mtu mzima hupanda gari asubuhi, hula mahindi ya kuchoma njiani, na jioni ameshafika.

Kwa mtoto wa miezi minne, au hata wa miaka miwili, mambo si hayo. Mwili wake hupoteza maji upesi kuliko wako. Joto na baridi humwingia mapema. Shingo yake haijapata nguvu, na hawezi kukwambia kwamba anaumwa ila kwa kulia. Wazazi wengi hukosea kwa sababu hupanga safari kwa saa ya dereva, kisha humtaka mtoto avumilie. Somo letu la leo ni kinyume cha hilo: anza na saa ya mtoto, kisha mambo mengine yafuate.

JUA UREFU WA NJIA

Kutoka Nairobi hadi Embu ni takriban kilomita 130. Hadi Meru, ukipitia Embu na Chuka, ni zaidi ya kilomita 220. Anayetoka Mombasa ana karibu kilomita 480 nyingine kabla hata hajafika Nairobi, kwa hivyo safari yake nzima ni kama kilomita 700.

Ukifika Makutano, njia hugawanyika. Ya kulia hupita mashamba ya mpunga ya Mwea hadi Embu, kisha hupanda na kushuka mabonde ya mito itokayo Mlima Kenya mpaka Meru. Ya kushoto hupita Sagana, Karatina, Nanyuki na Timau. Hii ya pili ni ndefu zaidi, na Timau iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, kwa hivyo baridi yake si ya mchezo kwa mtoto aliyezoea joto la pwani.

Kanuni ni hii: usipitishe saa mbili bila kusimama. Mtoto mchanga akikaa muda mrefu kwenye kiti cha gari, kichwa chake huinamia kifuani na njia yake ya pumzi, ambayo ni nyembamba, huweza kubanwa. Kila mnaposimama, mtoe kitini, mlaze chali ajinyooshe, mbadilishe nepi na umnyonyeshe. Aliyeanza kutembea mwache atembee mbali na barabara, mkono wake ukiwa ndani ya wako.

Kwa anayetoka Nairobi kwenda Meru, vituo vitatu vinatosha: Makutano au Mwea, halafu mji wa Embu, halafu Chuka. Ukiongeza nusu saa kwa kila kituo, safari ya saa tano huwa ya saa sita na nusu. Basi ihesabu hivyo tangu mwanzo, na umwambie nyanya hivyo, ili asikuhimize kwa simu nawe ukamhimiza dereva. Ondokeni alfajiri kunapopambazuka. Mtoto atalala saa za kwanza, na mtafika kabla ya giza.

Kwa anayetoka Mombasa, ushauri ni kuigawa safari kwa siku mbili na kulala Nairobi. Tangu mwaka wa 2017 kuna pia treni ya abiria ya reli mpya kati ya miji hiyo miwili. Ndani yake mtoto anaweza kusimama, kutembezwa na kubadilishwa nepi bila gari kusimamishwa.

KITI CHAKE, SI MAPAJA YAKO

Baada ya Chuka kuelekea Meru, barabara hushuka kwa ghafla hadi kwenye daraja la mto Nithi. Jioni ya tarehe 24 Julai, 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa liliacha barabara hapo likatumbukia bondeni, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Ajali hiyo haikuwa ya kwanza mahali hapo. Hatusemi haya ili kukutisha usiende kwenu, bali ili ujue kwamba jambo kubwa kuliko yote katika mpango wako ni mahali atakapokaa mtoto.

Mama wengi huamini kwamba mahali salama pa mtoto ni mapajani mwao. Mapenzi hayo ni ya kweli, lakini mikono haina nguvu hiyo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla kwa kugonga kitu, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu inayozidi uzito wa mtu mzima. Hakuna mama wala baba awezaye kumzuia. Ukiuzungusha mkanda mmoja juu yako na mtoto, ni vibaya zaidi, kwa kuwa mwili wako ndio utakaomponda.

Kama mna gari lenu, nunueni au mwazime kiti cha mtoto kinacholingana na uzito wake. Mtoto mchanga hukaa akiangalia nyuma ya gari, na ni vyema aendelee hivyo mpaka apitishe mwaka mmoja, au zaidi kama kiti bado kinamtosha. Usikifunge kiti kinachoangalia nyuma mbele ya mfuko wa hewa, ule unaofumka ajali inapotokea, kwani kishindo chake kinaweza kumuua mtoto. Mahali pake ni kiti cha nyuma. Na kwa sababu ya baridi ya Meru, wazazi humvisha mtoto koti zito kisha wakamfunga mkanda juu yake. Koti hubonyea na mkanda ukabaki mlegevu. Mvue koti, mfunge mkanda ukimgusa vizuri, kisha mfunike blanketi kwa juu.

Kama mnapanda matatu, mlipie nafasi yake mtoto aliyeweza kukaa mwenyewe, na umfunge mkanda. Tangu Februari 2004, zilipoanza kutekelezwa kanuni ambazo wananchi huziita sheria za Michuki, kila abiria wa matatu anastahili mkanda, na mwanao ni abiria. Kwa mtoto mchanga asiye na kiti chake, chagua viti vya katikati, usikae karibu na dereva wala mlangoni, jifunge mkanda wewe mwenyewe kwanza, kisha mbebe mtoto nje ya mkanda huo. Hii si salama kamili, ila ni afadhali kidogo. Zaidi ya hapo, silaha yako ni kulichagua gari. Dereva anayetafuna miraa au muguka ili asisinzie ni dereva aliyechoka. Shuka, ungoje lingine. Na ukiwa unaendesha mwenyewe, yapishe magari ya miraa yanayokimbilia Nairobi. Kwenye miteremko ya Nithi na mingineyo, shuka kwa gia ndogo bila kutegemea breki peke yake.

CHAKULA NA VINYWAJI

Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji kitu ila maziwa ya mama, hata kukiwa na joto kali. Usimpe maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na mnyonyeshe gari likiwa limesimama. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa saa nne hivi mahali pasipo joto kali. Anayetumia maziwa ya kopo abebe maji moto kwenye thamosi na unga mkavu mbalimbali, achanganye wakati wa kunywesha, na yakipita saa mbili ayamwage.

Kwa aliyeanza kula, beba chakula cha nyumbani: ndizi mbivu, viazi vilivyopondwa, chapati laini, na maji yaliyochemshwa. Makutano na Mwea wachuuzi hukujia mpaka dirishani. Ndizi unayoimenya wewe haina shaka. Embe lililokwisha kukatwa na kuoshwa kwa maji usiyoyajua liache.

Jihadhari pia na njugu. Embu na Meru ni nchi ya makadamia, na njugu karanga huuzwa kila kituo. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe njugu nzima, hasa ndani ya gari linalorukaruka. Akisakamwa na asiweze kulia wala kukohoa, simamisheni gari mara moja. Mlaze kifudifudi juu ya paja lako, kichwa kikiwa chini, umpige mara tano kati ya mabega kwa kiganja. Kisichotoka, aliye chini ya mwaka mmoja mgeuze, umbonyeze katikati ya kifua mara tano kwa vidole viwili. Aliyepita mwaka mmoja mkumbatie kutoka nyuma, ubane tumbo lake juu ya kitovu kuelekea ndani na juu mara tano. Rudieni mpaka kitoke. Usichokore koo kwa kidole kama hukioni kitu chenyewe.

KUTAPIKA NJIANI

Barabara ya Embu hadi Meru ina kona nyingi. Watoto wa chini ya miaka miwili ni nadra kuchafukwa na kona. Wanaoteseka zaidi ni wa miaka miwili kwenda juu. Mpe chakula kidogo kisicho na mafuta saa moja kabla ya kuondoka, fungua dirisha kidogo, na umfundishe kutazama mbali mbele badala ya kitabu au simu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka wa 2017, beba kopo lenye kifuniko, na nguo mbili za kubadilisha.

Usimpe dawa ya kuzuia kutapika kwa kuambiwa na jirani. Baadhi ya dawa hizo, zikiwemo zenye promethazine, zinaweza kumfanya mtoto wa chini ya miaka miwili ashindwe kupumua. Muulize daktari kabla ya safari.

Na katika kituo chochote, hata cha dakika tano, usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa. Joto la gari lililosimama juani hupanda kwa dakika chache tu.

AKIUGUA

Ukiwa na mtoto anayeharisha, mpe ORS iliyochanganywa kama pakiti inavyosema. Wa chini ya miaka miwili anywe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuharisha, kwa kijiko, na uendelee kumnyonyesha.

Kuna dalili zisizongoja mwisho wa safari: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, analegea na haamki vizuri, au anapumua kwa shida. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la digrii 38 au zaidi naye ni wa hospitali moja kwa moja. Zitambue hospitali za njiani kabla hujaondoka. Kuna hospitali kuu ya Embu, ya Chuka, ya misheni ya Chogoria, ya Consolata pale Nkubu, na hospitali kuu ya Meru. Nambari za dharura ni 999 na 112, na ambulensi za Msalaba Mwekundu huitwa kwa 1199.

Mbu wa Mwea na wa sehemu za chini za Mbeere na Tharaka wasisahauliwe. Mtoto wa Nairobi hana kinga ya malaria. Mkilala huko, alale ndani ya chandarua chenye dawa. Akipata homa kuanzia wiki moja baada ya kufika huko hadi miezi mitatu baada ya kurudi, mwambie daktari mlikokwenda, naye atampima damu.

MKOBA WA MTOTO

Uwe karibu nawe, si kwenye buti:

• Kitabu cha kliniki, na nambari ya usajili wa SHA
• Nepi za siku nzima na nne za ziada
• Kipimajoto, pakiti mbili za ORS, na dawa ya homa uliyopimiwa kwa uzito wake
• Sweta, kofia, soksi na blanketi
• Maji, sabuni na taulo ndogo

Angalia kitabu hicho wiki mbili kabla. Kama chanjo imefika, apate mapema, si siku ya kuamkia safari, maana baadhi ya chanjo huleta homa ya siku moja au mbili.

MASWALI YA KUJIULIZA USIKU ULE

1. Mtoto atakaa wapi, na mkanda wake uko wapi?
2. Tutasimama wapi kila baada ya saa mbili?
3. Dereva amelala vya kutosha?
4. Nikihitaji hospitali kati ya Embu na Meru, nitashuka wapi?

Ukiwa na jibu la kila swali, ondokeni. Ukikosa jibu la la kwanza au la la tatu, ahirisha siku moja. Nyanya amengoja miezi mingi, na siku moja zaidi haitamkasirisha. Mwenda pole hajikwai.