Pikipiki Ikikata Moto Njiani



Wengi wetu siku hizi twateremsha karafuu kwa pikipiki. Kazi imekuwa nyepesi, lakini kuna shida moja ambayo wanachama kadhaa wametuletea: pikipiki yaenda vizuri, mara injini yakata moto kwa nukta moja au mbili, kisha yarudi yenyewe kama kwamba halikutokea jambo. Fundi akiitazama imesimama, haoni kitu.

Hitilafu hii si ya kupuuzwa. Mtu aliyepakia polo la karafuu mbichi, yuko mlimani na gari yamfuata, nukta mbili zatosha kumwangusha. Na kama pikipiki itazimika moja kwa moja, karafuu zikalala ndani ya polo, huchemka na kuharibika rangi, daraja likashuka kabla hazijafika jamvini. Kwa hiyo tumeona vyema tulifanye jambo hili kuwa somo letu la safari hii.

KWANZA JILINDE

Injini ikikata, kamata klachi mara moja. Usipofanya hivyo, moto ukirudi ghafula pikipiki itaruka. Usibane breki kwa nguvu. Tazama nyuma, sogea kushoto, kisha simama mahali palipo wazi.

NAMNA ILIVYOKATA NDIYO DALILI

Injini ya petroli yataka mafuta, hewa na cheche. Mara nyingi kinachokatika njiani ni mafuta au cheche, na kila kimoja kina namna yake ya kuondoka.

Ikiwa injini yakata ghafula kama taa iliyozimwa, kisha yarudi kwa nguvu zile zile, shuku umeme. Ikiwa yaanza kupungua nguvu, yakohoa, yasitasita, na hasa unapopanda mlima au unapovuta mafuta mengi, shuku njia ya mafuta. Dalili hii si hukumu, lakini yakuonyesha pa kuanzia.

UKISHUKU UMEME

Inapokata, piga honi au washa taa za kukatia kona. Zisipofanya kazi, tazama betri, fyuzi na swichi ya ufunguo. Zikifanya kazi, hitilafu iko mbele zaidi, kwenye swichi ya kuzimia injini, koili au plagi. Taa kubwa ya mbele usiifanye shahidi, maana katika pikipiki nyingi ndogo huwaka kwa nguvu ya injini yenyewe.

Ukifika nyumbani fanya majaribio haya, injini ikiwaka na gia ikiwa huru:

1. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Injini ikisita, kuna waya uliokatika au uliochubuka karibu na shingo ya usukani. Waya huweza kukatika ndani na ganda lake likabaki zima.

2. Tikisa ufunguo kidogo, kisha swichi ya kuzimia injini. Vumbi na maji ya mvua huingia humo.

3. Zima injini, kisha kaza vichwa vya betri na safisha kutu. Njia zetu zenye mashimo hulegeza nati kila siku.

4. Injini ikishapoa, fungua plagi. Rangi ya kahawia ni njema. Masizi meusi yaonyesha mafuta yamezidi au moto ni dhaifu. Mwanya wake ufuate kitabu cha pikipiki yako. Kwa nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.6 na 0.9. Hakikisha kofia ya plagi imekaa sawasawa.

Koili nayo ina tabia yake: ikiwa mbovu, mara nyingi hufanya kazi ikiwa baridi na hukata ikishapata moto. Pikipiki ikikata baada ya mwendo mrefu tu, na ikakubali ikishapumzika, liweke hilo moyoni.

UKISHUKU MAFUTA

Anza na kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la pumzi, ili hewa iingie badala ya mafuta yanayotoka. Tundu likiziba, mafuta hayashuki. Injini ikikata, fungua kifuniko: ukisikia hewa ikivutwa ndani, na baada ya kitambo pikipiki ikawaka vizuri, umeipata hitilafu.

Mwanachama wetu mmoja alibadili plagi, kisha koili, na pikipiki ikaendelea kukata. Mwishowe ikaonekana kwamba kila siku ya mvua alikuwa akilifunika tangi kwa karatasi ya plastiki na kulibana kwa polo. Plastiki ile ndiyo iliyoziba pumzi. Fedha ya koili ilikwisha toka.

Kisha tazama chujio na mpira wa mafuta. Mpira ukikunjwa, mafuta hupita kidogo. Kwa pikipiki zenye kabureta, legeza skrubu ya chini ya bakuli lake na uyapokee mafuta katika chupa safi. Maji ni mazito kuliko petroli, basi utayaona yamekaa chini. Kazi hii ifanywe injini ikiwa baridi, mbali na jiko na sigara. Tena, usiache tangi likakaribia kukauka, maana mlimani mafuta machache huhama na kuiacha koki tupu.

USINUNUE KABLA YA KUJUA

Andika kwenye kijikaratasi: ilikata wakati gani, ilikuwa baridi au moto, mlimani au tambarare, mvua au jua, honi ililia au haikulia. Mpe fundi kijikaratasi hicho. Rekebisha jambo moja, ujaribu, ndipo uende la pili. Ukibadili vitu vitatu kwa pamoja, hutajua kipi kilichoponya, na viwili umevinunua bure. Na mpaka hitilafu ijulikane, usipakie mtu wala mzigo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini tukamate klachi injini inapokata?
2. Honi ikilia na injini imekata, tutazame wapi?
3. Tutajuaje kwamba tundu la pumzi la tangi limeziba?

Katibu