Bakshishi Hotelini New York: Nani Apewe, Kiasi Gani?

SWALI: Mimi na mume wangu tunakwenda New York likizo ya Desemba. Nimeambiwa hoteli ina mhudumu anayewatafutia wageni tiketi na kuwawekea meza mikahawani. Je, tumpe bakshishi? Kiasi gani, na wakati gani?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Kipimo ni uzito wa kazi, dada. Akikuonyesha njia ya kwenda kituo cha treni, au akikupa ramani, asante yatosha. Akikuwekea meza kwenye mkahawa wa kawaida, dola 5 hadi 10 zinafaa. Akihangaika hadi akakupatia tiketi za Broadway zilizokuwa adimu, mpe dola 20 au zaidi.

Mpe kazi ikishakamilika, au mjumlishie siku ya kuondoka. Ukingoja mwisho, tia pesa kwenye bahasha yenye jina lake uiache mapokezi, maana huenda siku hiyo hayupo zamu.

Usiwasahau wengine. Mchukuzi wa mizigo hupewa dola 2 hivi kwa kila begi. Wa usafi wa chumba, dola 3 hadi 5 kwa siku. Ziache kila asubuhi pamoja na kikaratasi cha asante, kwa sababu anayesafisha leo huenda si yule wa kesho. Wa mapokezi kwa kawaida hapewi.

Ada ya ziada kwenye bili ya chumba ni ya hoteli. Usiihesabu kama bakshishi. Beba noti ndogondogo za dola tangu siku ya kwanza.