Mhakiki wa Gazetini na Jina la Msanii: Somo kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Katika kata ya Migato, wilayani Itilima, gazeti hufika dukani kwa njia mbili. Mara chache hufika likiwa jipya, mkononi mwa msafiri aliyetoka Bariadi. Mara nyingi hufika likiwa kuukuu, limefungia maandazi au misumari. Siku moja, tulipokuwa tukiwatembelea walimu wanafunzi katika mazoezi ya kufundisha, mmoja wao alitutandazia mezani kipande cha karatasi cha namna hiyo. Kilikuwa na picha ya mchoraji aliyesimama kando ya kazi yake, na chini yake maneno machache ya sifa. Akatuuliza: "Mwalimu, huyu aliyeandika amepewa na nani uwezo wa kusema kwamba picha hii ni bora?"

Hatukuwa na jibu fupi. Makala haya ni jaribio la kumjibu yeye pamoja na wenzake wote wanaojiandaa kufundisha. Tutaonyesha kwamba jina la msanii halitokani na mkono wake peke yake, bali hutokana pia na kalamu ya anayemwandika. Na kwamba, kwa mtoto wa shule ya msingi, mtu wa kwanza kuishika kalamu hiyo ni mwalimu wake.

Kazi ya mhakiki

Mhakiki wa sanaa ni mtu anayeitazama kazi, akaeleza alichokiona, akaifasiri, kisha akaihukumu kwa kutoa sababu. Mhakiki wa gazetini hufanya hayo yote kwa haraka, tena kwa ajili ya watu ambao wengi wao hawajaiona kazi yenyewe na pengine hawataiona kamwe. Nguvu yake inatoka hapo. Picha hutundikwa ukutani mahali pamoja, lakini gazeti husomwa na maelfu kwa siku moja. Mwenye ukumbi wa maonyesho hulisoma, mnunuzi hulisoma, na miaka mingi baadaye mtafiti hulifunua katika maktaba na kulichukua kuwa ushahidi.

Tukichunguza vizuri tutaona kwamba mhakiki ana nguvu za namna tatu. Ya kwanza ni kutaja: anayeandikwa hujulikana. Ya pili ni kuita: neno moja la mhakiki laweza kugeuka kuwa jina la kundi zima la wasanii. Ya tatu ni kunyamaza: asiyeandikwa hubaki nje ya kumbukumbu, hata kama kazi yake ni nzuri.

Mfano mashuhuri wa nguvu ya pili ulitokea Paris mwaka wa 1874. Kundi la wachoraji, akiwamo Claude Monet, lilifanya maonyesho yake lenyewe, nje ya maonyesho rasmi ya serikali. Monet alileta picha ya bandari wakati wa macheo na katika anwani yake akatumia neno la Kifaransa lenye maana ya taswira inayomjia mtu kwa mara ya kwanza anapotazama. Mwandishi Louis Leroy, katika gazeti la Le Charivari la tarehe 25 Aprili, alilichukua neno hilo akalifanyia mzaha. Dhihaka hiyo ikawa jina. Wachoraji wale wakalikubali, na hadi leo vitabu vya sanaa duniani kote huwaita kwa jina lililotokana na kejeli ya mhakiki mmoja. Hukumu ya Leroy imetupwa. Jina alilolieneza limebaki.

Mifano ya kwetu

Yafaa sasa tuje nyumbani. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka wa 1932 katika sehemu za Tunduru. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, na mnamo mwaka wa 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta zing'aazo, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa kiwandani. Hakuwa amepitia shule yoyote ya sanaa. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, karibu na duka la Morogoro Stores, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Mwaka wa 1972 alipigwa risasi na polisi waliodhani kwamba gari alimokuwamo lilikuwa la wahalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa muda wa miaka minne hivi tu.

Mlinganishe na Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliyesoma na kufundisha Makerere, akasoma pia London. Picha yake moja ilinunuliwa na jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York mwaka wa 1960. Hatusemi kwamba Ntiro hakustahili. Tunasema kwamba alipita katika mlango ambao wahakiki walikuwa wamesimama: chuo, ukumbi wa maonyesho, mji mkuu wa dola kubwa. Tingatinga alikaa kando ya barabara, mahali ambapo mhakiki hupita akienda kununua mkate. Sifa kubwa ya Tingatinga katika vitabu na makumbusho ya nje ilikuja baada ya yeye kufa.

Hata sifa hiyo ina pande mbili. Wafuasi wake, kama Simon Mpata, Kasper Tedo na January Linda, waliendeleza kazi, na mwaka wa 1990 wachoraji wa mkondo huo wakaunda chama cha ushirika. Lakini neno "Tingatinga" lilikwisha kuwa jina la mtindo. Leo mtu hununua "Tingatinga" bila kuuliza aliyeichora ni nani, ingawa mara nyingi sahihi ya mchoraji imo pembeni. Jina lililompa mmoja uhai likawa blanketi la kuwafunika wengine. Tena wapo wahakiki waliozoea kuziita kazi za namna hii "sanaa ya uwanja wa ndege", yaani vitu vya kumwuzia mtalii, na kwa neno hilo moja wakajiondolea wajibu wa kuitazama kila picha peke yake.

Mjini Nairobi mambo yalikwenda kwa njia nyingine kidogo. Mwaka wa 1965 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alishiriki kuanzisha huko ukumbi wa Paa ya Paa, ili wasanii wa Afrika Mashariki wapate mahali pao pa kuonyesha. Baadaye magazeti ya mji huo yalipata waandishi waliorudi kwenye maonyesho tena na tena: Margaretta wa Gacheru aliandika habari za sanaa kwa miongo kadhaa, na Frank Whalley alihakiki maonyesho katika gazeti la kila juma la The EastAfrican. Mhakiki anayerudi huweza kuona kwamba msanii amekua, na huweza kuisahihisha hukumu yake ya jana. Katika magazeti yetu ya Kiswahili, muziki, ngoma na kandanda vimepata nafasi kubwa kuliko picha na vinyago. Basi mchoraji wetu huandikwa mara moja, anapopata tuzo au anapofariki, na habari huishia hapo.

Mfano wa mwisho u karibu zaidi na Migato. Katika Usukuma, chama cha waganga na wacheza nyoka, yaani Bayeye, kilikuwa na desturi ya kuchora picha katika kuta za nyumba zake za jando la chama. Mwaka wa 1953 Hans Cory alichapisha London kitabu kizima juu ya michoro hiyo. Kwa kitabu hicho kazi za kuta za udongo, ambazo mvua ingezifuta, zilihifadhiwa. Twamshukuru. Hata hivyo, wanaokifahamu kitabu hicho hulijua jina la Cory. Ni wachache mno wawezao kutaja jina la mchoraji hata mmoja.

Lakini Msukuma alikuwa na uhakiki wake kabla ya gazeti. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji huenda watakako. Lenye umati mkubwa ndilo lililoshinda. Hapo mhakiki ni miguu ya watu. Uhakiki huo una haki yake, kwa maana kila ahukumuye ameiona kazi kwa macho yake. Una upungufu pia: umati hausemi kwa nini umehama, na mtu huweza kukimbilia upande fulani kwa kuwa tu wengine wamekimbilia huko. Mhakiki mwema huiona kazi kama yule mtazamaji wa ngoma, kisha hutoa sababu ambayo umati hauitoi.

Namna ya kufundisha

Somo hili lafaa Darasa la Tano au la Sita, kwa vipindi viwili vinavyofuatana. Zana ni chache: picha moja iliyochorwa na mwalimu au mwenzake kwa mkaa, majivu na udongo mwekundu, na karatasi mbili za maelezo.

Hatua ya kwanza. Gawa darasa katika makundi mawili. Onyesha picha ileile kwa kila kundi. Kundi la kwanza lipewe karatasi isemayo kwamba mchoraji ni mtu mashuhuri; la pili liambiwe kwamba mchoraji ni mtu anayejifunza. Kila kundi liandike sentensi tatu za hukumu.

Hatua ya pili. Hukumu zisomwe mbele ya darasa, kisha mwalimu aeleze wazi alichofanya.

Hatua ya tatu. Picha iwekwe tena ukutani. Watoto waitazame kwa dakika tano bila kusema neno. Kisha waeleze wanachokiona tu: mistari, rangi, kilicho karibu na kilicho mbali. Neno "nzuri" na neno "mbaya" yasitumike kabisa katika hatua hii.

Hatua ya nne. Kila mtoto aandike uhakiki mfupi wenye hukumu moja na sababu mbili zinazoweza kuonyeshwa kwa kidole katika picha. Jina la mchoraji liandikwe juu ya uhakiki, si chini.

Tulipolishuhudia somo hili katika shule moja ya kata hiyo, kundi la kwanza liliyasifu macho ya ng'ombe kwamba "yana huzuni ya kweli", na kundi la pili likasema macho hayohayo "hayakumalizika". Ukweli ulipofichuliwa watoto walicheka sana. Baada ya kicheko msichana mmoja alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, na kama hukutuletea karatasi yoyote, tungesema nini?" Mwalimu mwanafunzi alijibu vema: "Hilo ndilo tunaloanza kulitafuta sasa." Hatujasikia muhtasari wa somo hili ulio bora kuliko huo.

Tahadhari kwa mwalimu

Ingekuwa kosa kuwasema wahakiki wa magazeti na kujisahau wenyewe. Katika miaka yetu ya kwanza ya kufundisha, mvulana mmoja alituletea picha ya ng'ombe ambaye miguu yake minne ilitawanyika pande zote, kama ngozi iliyowambwa juani. Tuliandika kwa wino mwekundu: "Huyu si ng'ombe. Rudia." Akarudia. Akanakili ng'ombe wetu wa ubaoni, na tangu siku ile kila ng'ombe aliyemchora alikuwa yule wa ubaoni. Tulimpa alama nzuri.

Miaka mingi baadaye, tukipita kando ya zizi jioni, tulimwona mtoto mchungaji amekaa juu ya tawi la mti akihesabu mifugo chini yake. Hapo ndipo tulipofahamu. Mvulana wetu alikuwa amemchora ng'ombe kama anavyoonekana kutoka juu. Hatukumwuliza alikuwa amekaa wapi alipomtazama. Maneno yetu manne yalikuwa gazeti lake, na hapakuwa na gazeti la pili la kuyapinga.

Hitimisho

Hatuwezi kuwazuia wahakiki wasijenge majina ya wasanii, wala si vema kuwazuia. Pasipo wao kazi nyingi zingepotea. Tunaloweza ni kulea wasomaji wanaomwuliza mwandishi: Je, uliiona kazi yenyewe? Sababu zako ni zipi? Ni nani ambaye hukumtaja? Na kabla ya kuandika lolote juu ya kazi ya mtoto, mwalimu na ajiulize maswali hayo matatu, kisha aongeze la nne, la kumwuliza mtoto mwenyewe: ulikuwa umekaa wapi?

Maswali ya kujadili

1. Eleza, kwa mifano, nguvu tatu za mhakiki zilizotajwa katika makala haya. Ni ipi iliyo kubwa zaidi mahali unapotoka?

2. Linganisha uhakiki wa umati katika ngoma za Bagika na Bagalu na uhakiki wa gazetini. Kila mmoja waweza kujifunza nini kwa mwenziwe?

3. Tafuta fundi mmoja wa kijijini kwako, awe mfinyanzi, mchonga vinyago au msusi wa vikapu. Andika uhakiki wa kazi yake moja usiozidi ukurasa mmoja, umsomee mwenyewe, kisha uandike alivyokujibu.

4. Chukua daftari la mazoezi la mwanafunzi mmoja uliyemfundisha. Maneno uliyoyaandika pembeni yalitoa sababu, au yalitoa hukumu tu?