SOMO: TUNUNUE LAPTOPU AU MASHINE YA SEVA KUUKUU?

Ofisi ya tawi letu hapa Mengo inataka kununua kompyuta. Mpaka sasa daftari la wanachama, stakabadhi za ada na mafaili ya wenzetu walioumia kazini vimo katika makabati mawili, na karatasi nyingine zimekwisha kuliwa na mchwa. Mwanachama akija kudai fidia ya kidole kilichokatwa na mashine miaka minne iliyopita, katibu hushinda mchana kutwa akipekua. Fedha zipo, si nyingi, nazo zimetoka katika mishahara ya wachuma chai, wakata miwa na washona nguo. Kwa hiyo halmashauri imeona ni haki wanachama waelewe kinachonunuliwa kabla hakijanunuliwa.

Wauzaji wametuletea vitu viwili ambavyo bei zake zinakaribiana. Kimoja ni laptopu, yaani kompyuta ndogo ya kukunja, iliyokwisha kutumika Ulaya, yenye prosesa ya Intel Core i5-8250U. Cha pili ni mashine kubwa ya kusimama chini ya meza, yenye prosesa ya Intel Xeon E5-2670, ambayo ilitengenezwa kwa kazi ya seva. Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine nyingi kwa pamoja, kama stoo kuu ya kiwanda inavyohudumia idara zote. Mwuzaji wa pili alisisitiza kwamba yake ina viini 8, na ile ya mwenzake ina 4 tu. Basi kwa nini tununue nusu? Swali hilo ni zuri, nalo ndilo somo letu.

Prosesa ni kile kipande kidogo ndani ya kompyuta kinachofanya hesabu zote. Ukibonyeza herufi, ukijumlisha ada, ukifungua picha, yote hupitia hapo. Ndani ya prosesa mna viini, na kila kiini tukifananishe na mfanyakazi mmoja. Xeon E5-2670 ilitoka mwaka 2012 ikiwa na viini 8. Hiyo i5-8250U ilitoka mwaka 2017 ikiwa na viini 4. Zote mbili zina ufundi wa kukipa kila kiini kazi mbili za kushika kwa zamu, na ndiyo maana utasikia fundi akitaja nyuzi 16 kwa moja na 8 kwa nyingine. Nyuzi si viini. Mtu mmoja mwenye vikapu viwili hawi watu wawili.

Tuchukue mfano wa shamba la chai. Kuchuma eka nzima ni kazi inayogawanyika: watu 8 wataimaliza mapema kuliko watu 4, hata kama wale 4 ni wepesi kidogo wa mikono. Lakini jioni majani yanapofika kwenye mizani, anayepima ni mmoja. Ukiwasimamisha watu 8 mbele ya mizani moja, 7 watatazama. Kazi za kompyuta ni vivyo hivyo. Kutengeneza filamu, kukandamiza mafaili makubwa, kuhudumia meza kumi kwa wakati mmoja, hizo hugawanyika. Kuandika barua kwa mwajiri, kutafuta jina katika daftari, kujumlisha ada za mwezi, hizo kwa sehemu kubwa hushikwa na kiini kimoja au viwili, na vingine hukaa.

Katika kazi hizo za mtu mmoja laptopu haishindwi, na mara nyingi inatangulia. Mwuzaji atakuonyesha kwamba prosesa ya seva hupiga mapigo bilioni 2.6 kwa sekunde na ya laptopu 1.6. Hayo ni mapigo ya chini. Kazi ikiwa ya muda mfupi, ya seva hupanda hadi 3.3 na ya laptopu hadi 3.4. Tena kiini kilichobuniwa miaka mitano baadaye hufanya zaidi katika kila pigo. Ila tuseme kweli: laptopu ni kama mpagazi anayekimbia vizuri kutoka stendi hadi dukani. Ukimpa gunia la kubeba kutwa nzima atapunguza mwendo, kwa sababu mwili wake mwembamba hauwezi kutoa joto. Mashine kubwa yenye feni nene hubeba kutwa bila kupunguza. Kama kazi yetu ingekuwa ya namna hiyo, somo hili lingekuwa fupi na jibu lingekuwa Xeon.

Mtu atauliza, prosesa iliyokuwa ya gharama kubwa namna ile imekuwaje rahisi leo? Kampuni zenye majumba yaliyojaa seva hupiga hesabu ya umeme wa kuziendesha na umeme wa kuzipoza. Ikifika siku mashine mpya inafanya kazi ile ile kwa umeme mchache, za zamani hutolewa zote kwa pamoja. Kuanzia kama mwaka 2016 prosesa za E5-2670 zilimwagwa sokoni kwa mafungu, zikiwa bado nzima kabisa. Tajiri alizitupa kwa sababu ya bili. Anayezinunua anaichukua bili hiyo pamoja nazo.

Basi tuitazame bili yenyewe, na hapa tunaomba msomaji aende polepole. Katika maelezo ya Intel, Xeon hiyo imeandikiwa wati 115, na prosesa ya laptopu wati 15. Namba hizo hueleza joto ambalo prosesa hutoa ikifanya kazi kwa bidii, na joto hilo ni umeme uliokwisha kutumika. Mashine nzima ina mambo mengine: ubao mkuu, diski, feni, kioo. Kwa makadirio, mashine ya Xeon ikiwa imetulia tu, mtu anaandika barua, hula kama wati 90, na kioo chake wati 20, jumla 110. Laptopu pamoja na kioo chake hula kama 15. Ofisi ikifunguliwa saa 9 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, zinakuwa saa 234. Mashine kubwa itakula karibu yuniti 25.7 za Yaka, na laptopu 3.5. Tukichukua shilingi 800 kwa yuniti ili hesabu iwe nyepesi (bei yenu halisi isomeni kwenye risiti), ya kwanza ni shilingi 20,600 kwa mwezi, ya pili 2,800. Kwa mwaka tofauti inapita shilingi 213,000. Mahali ambapo mwanachama hukatwa 5,000 kwa mwezi, hizo ni ada za mwezi mzima za watu 42, zimegeuzwa kuwa joto la chumba. Na mashine hiyo ikiachwa inawaka usiku na mchana kama seva, hata bila kioo, itafika karibu yuniti 65 kwa mwezi.

Umeme ukikatika, laptopu huendelea kwa betri yake. Mashine kubwa huzima papo hapo, na daftari lililokuwa wazi laweza kuharibika, isipokuwa ukinunua betri ya akiba ya kuweka pembeni. Betri hiyo haikutajwa katika bei ya mwuzaji. Wala hakutaja kwamba Xeon hiyo haina sehemu ya picha ndani yake, kwa hiyo lazima iwe na kadi ya picha ya pekee, la sivyo kioo kitabaki cheusi. Ya laptopu imo ndani.

Upande wa seva una sifa moja ambayo hatutaki kuipuuza. Prosesa hiyo inakubali kumbukumbu ya kazi, ile mafundi waiitayo ramu, yenye mlinzi ndani yake. Tarakimu moja ikipinduka kwa hitilafu, mlinzi huiona na kuirekebisha. Tena ubao wake hupokea ramu nyingi sana, na vipande vya zamani vya seva hupatikana kwa bei nafuu. Ofisi ya makao makuu yenye meza kumi zinazochota katika daftari moja ingeihitaji sifa hiyo. Tawi lenye katibu mmoja na mweka hazina mmoja latosheka na gigabaiti 8, au 16 likijaliwa.

Tuseme kidogo juu ya majina, maana wengi huuziwa jina. Yupo mtu atakayekuambia i7 ni bora kuliko i5 daima. Si kweli. Core i7-7500U ya mwaka 2016 ina viini 2 tu, na i5-8250U iliyoifuata ina 4. Soma namba baada ya kistari: 8 ya mwanzo ni kizazi cha nane, na herufi U ya mwisho ni dalili ya prosesa ya laptopu inayobana umeme. Kwa Xeon tazama mkiani. E5-2670 bila nyongeza ni ya 2012, yenye v2 ni ya 2013 na ina viini 10, yenye v3 ni ya 2014 na ina viini 12. Ile ya v3 haiingii kabisa katika ubao wa ile ya kwanza, hata mwuzaji akiapa.

Umri una jambo lake jingine. Microsoft iliacha kuitengenezea Windows 10 marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Prosesa za Core za kizazi cha nane zimo katika orodha ya Windows 11. Xeon ya 2012 haimo. Wako mafundi wanaoilazimisha iingie, lakini daftari lenye majina, mishahara na majeraha ya watu si mahali pa kujaribia ujanja. Tangu Uganda ilipopata Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, chama nacho kina wajibu kisheria juu ya taarifa hizo. Linux hufanya kazi vizuri katika mashine zote mbili, bila ada, nasi tungeipendelea kama katibu atakubali kujifunza.

Laptopu ina hatari ambayo mashine kubwa haina, nayo ndiyo inayotusumbua zaidi. Inabebeka. Mwizi huiweka chini ya koti. Kiongozi aliyeshindwa katika uchaguzi naye anaweza kwenda nayo nyumbani, na kesho yake tawi halijui wanachama wake ni nani, wala mwajiri hataona haya kusema hao watu hawamo. Mashine ya kilo kumi na tano hainyanyuliwi kimyakimya. Kwa hiyo tukichukua laptopu tunapendekeza ifungwe kwa mnyororo mezani, diski yake iwekewe ufunguo wa siri, na kila Ijumaa daftari linakiliwe katika diski mbili za nje: moja ndani ya kabati, ya pili kwa mweka hazina, dhidi ya sahihi.

Kuhusu matengenezo, prosesa ya laptopu hiyo imechomelewa kwenye ubao wake, haibadilishwi. Ya seva huchomoka, na nyingine hupatikana kwa bei ndogo. Ila kinachokufa kwa kawaida si prosesa bali ubao, na ubao wa seva ya 2012 si kitu cha kukuta katika kila duka la Kampala Road. Betri, kibodi na chaja za laptopu za ofisi hupatikana kwa urahisi zaidi, na mafundi wamekwisha kuzizoea.

Halmashauri inapendekeza laptopu, na mkutano wa wanachama ndio utakaoamua. Ukiamua hivyo, wajumbe wawili waende dukani mchana, si jioni duka likifungwa. Waiwashe kwa betri peke yake kwa nusu saa na kuangalia asilimia inavyoshuka. Wafungue mipangilio na kusoma jina la prosesa kwa macho yao, si kwenye kibandiko, kwa sababu kibandiko hubandikwa na yeyote. Waiwashe upya na kuhakikisha haidai neno la siri la kampuni iliyokuwa nayo, maana laptopu iliyofungwa na mwenyewe wa zamani inaweza kuwa ya wizi. Wasikilize feni. Wajaribu kila kitufe cha kibodi, pamoja na herufi zisizotumika sana. Namba ya mashine iandikwe katika risiti, risiti iwe kwa jina la chama wala si la katibu, na nakala yake ibandikwe katika ubao wa matangazo.